Kibali cha Giza

Karani wa vibali wa halmashauri hupuliza muhuri kabla ya kuugonga, utadhani ni chai ya moto. Akisoma huvua miwani badala ya kuivaa, na penseli yake haitoki sikioni mpaka aone kosa. Barua yangu ilitaja sehemu tatu za kutazamia nyota. Mwezi uliopita mimi na wenzangu watatu tulishikwa na polisi tukiwa na darubini yetu kwenye kiwanja cha mtu, tukalala kituoni kama wezi, na mke wangu akaapa kwamba bila kibali sitoki tena. "Machimboni hapana," karani alisema kwa sauti yake ya kukwaruza, akiyakata kwa penseli. "Mtavunjika miguu." Akakata uwanja wa shule kwa sababu ya mbwa. Akakata na kilima cha mnara. "Ile taa haizimwi. Nililala chali pale saa nzima, nikaambulia nyota kumi na moja." Nilimtazama, lakini hakuinua uso. Akachora duara kwenye ramani, nyuma ya bwawa la juu, ambako mlinzi yupo na taa hakuna, akajaza fomu polepole, akapuliza muhuri, akagonga. Nikasoma kibali: watu watano.

"Samahani, mama, sisi tuko wanne."

Akarudisha penseli sikioni. "Kuhesabu najua, mwanangu. Ijumaa mnipitie saa moja jioni, na msichelewe."