Njia ya Ng'ombe wa Kiangazi

Nakumbuka asubuhi moja nilipomwamkia mzee wa watu nikiwa nimekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, na wala sikushuka. Nimeikumbuka jana, mwanangu, nilipokuona wewe na wenzako mmefika shuleni kwetu na futi kamba mpya, mnatafuta pa kujenga darasa. Mlinifurahisha. Mlinitia hofu pia, na nitakueleza kwa nini, ila uwe na subira, maana mimi sijui kusimulia kwa haraka na chai yenyewe bado ni ya moto.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Sisi wa huku Gorong'a tulikuwa tumeteremshwa kutoka vilimani, kila ukoo na kilima chake, tukapangwa kwenye kijiji kipya. Nyumba zilinyooka kama mistari ya daftari. Kijiji kilikuwa na ofisi na bendera, lakini shule ilikuwa chumba kimoja, na watoto walikalia mawe. Afisa elimu akaja akasema bila kuzunguka: Januari mkiwa na chumba cha pili, nawaletea mwalimu wa darasa la kwanza. Msipokuwa nacho, wadogo watangoja mwaka mwingine.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na nilijiona nimemaliza kila kitu. Tukajitolea vijana kumi na wawili kujenga hicho chumba, na mimi nikawa kiongozi wao. Sitakuficha, nilipenda kuitwa kiongozi. Lakini nilikuwa na sababu nyingine. Mdogo wangu Bhoke alikuwa na miaka kumi na hajawahi kushika kalamu. Baba hakuona faida ya kumsomesha binti. Nilimbembeleza mpaka akachoka, akasema, "Haya, namtoa Januari hii. Januari hii tu."

Bhoke alisikia. Tangu siku hiyo akawa anatuletea maji ya kunywa pale kazini, na kila akija anauliza mlango utatazama upande gani.

Mahali nilipachagua mwenyewe. Palikuwa tambarare, katikati ya mafungu mawili ya mawe makubwa, hapana hata kisiki cha kung'oa. Masika yalikuwa yanaisha, majani mabichi, udongo laini. Nilijisifu wiki nzima kwa kupagundua, nikashangaa watu wazima wameishi huku miaka yote wasipaone. Tukasimamisha nguzo, tukafunga fito, tukakandika.

Ndipo akapita Mzee Chacha. Alikuwa mfugaji, na kabla ya kijiji boma lake lilikuwa jirani na pale. Hakuwa kwenye kamati yoyote.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka kule juu.

"Marahaba. Mura," akaniita, kama tunavyowaita vijana wa kiume, "mahali hapa mnapajua?"

"Tunapajua, mzee. Tumeshapima."

Wenzangu wakacheka. Mzee akayatazama yale mawe, akatazama chini kwa muda, akaenda zake. Nami nikaendelea kupiga udongo.

Agosti kijito cha karibu kilikauka. Tulikuwa tumebakiza kuezeka tu, nyasi tumekwisha kukata. Mchana mmoja tukasikia kengele, kisha vumbi, kisha tukawaona. Ng'ombe wa vijiji vitatu walikuwa wanashuka Mto Mara. Wakati wa mvua hunywea kijitoni, na ile njia huota majani usijue kama ni njia. Kiangazi hawana pengine pa kupita ila kati ya yale mawe. Na kati ya yale mawe nilikuwa nimeweka darasa.

Wachungaji walipiga kelele, wakarusha fimbo, wapi! Ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji haoni ukuta. Kuta mbili zililala na nguzo zikavunjika. Hakuna mtu aliyeumia, namshukuru Mungu. Bhoke alikuwa amepanda juu ya jiwe na kibuyu chake, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya wale wale niliokuwa nikiwaongoza.

Jioni nikaenda kwa Mzee Chacha. Safari hii nilimwamkia nimeinama. Alikuwa anamtoa ng'ombe kupe, akaniambia nikae, akaendelea na kupe wake mpaka wa mwisho. Nilidhani atanichapa maneno.

"Siku ile nilitaka kukuambia," akasema. "Mkanicheka. Nikasema moyoni, waache, ng'ombe watawafundisha." Akamsukuma ng'ombe pembeni. "Nimekosea, mura. Ile si nyumba yako iliyovunjwa. Ni ya watoto. Wewe ulikosa kuuliza, na mimi nilikosa kusema mara ya pili."

Mwanangu, mzee wa umri ule kukiri kosa mbele yangu mimi, kijana wa jana! Ingekuwa afadhali anichape fimbo.

Kesho yake akatuonyesha mahali pengine, karibu na njia ya akina mama ya kisimani. Lakini kiangazi kilikuwa kikali. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya shida, ya kukandia udongo tungeyatoa wapi? Tukangoja mvua. Zilipokuja, kila mtu akakimbilia shamba kwanza. Baadaye tukaita risaga, ule ushirika wetu wa kazi ambao nyumba zote hutoa mtu, na safari hii nilipita mlango kwa mlango kuomba. Akina mama wakakandika kwa siku mbili, tena vizuri kuliko sisi. Chumba kikaisha mwezi wa Machi. Mwalimu akapangwa wa Januari iliyofuata.

Nilimwendea baba. Akasema, "Mwaka niliowapa, hamkumchukua." Mama alikuwa amejifungua mapacha, na Bhoke ndiye aliyekuwa akiwabeba. Nilibembeleza tena, lakini hakuchoka tena. Watoto arobaini waliingia chumba kile, na baadhi yao leo ni walimu. Bhoke hakuingia.

Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Juzi amekuja na simu yake, ndani kuna ujumbe wa mjukuu wake. "Kaka, nisomee," akasema. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia, na macho yangu yalikuwa na maji. Miaka yote hii mimi ndiye macho yake, na ni mimi niliyemkosesha ya kwake.

Basi nasaha yangu ni hii. Kujitolea ni kuzuri, usiache. Lakini nguvu zako zisikutangulie kufika. Uliza mahali panatumika lini na nani, wala usiulize kamati peke yake. Mtu akikuuliza swali, shuka chini umsikilize. Na ukijua jambo wasilolijua wenzako, liseme hata wakicheka, maana ukinyamaza atakayelipa ni mtoto.

Mungu akubariki, akupe mikono isiyochoka na masikio yasiyochoka pia. Sasa malizia chai, iache hiyo kamba hapa, uende kwanza kwa bibi yako Bhoke. Pale mnapopima, yeye anajua maji ya masika yanapita wapi. Na darasa likiisha, umshike mkono, yeye awe wa kwanza kuingia.