Nilivyobeba CPU Hadi Kawangware kwa Ajili ya Neno Moja

Nianze na aibu yenyewe ili msinicheke katikati: mimi ndiye yule jamaa aliyekalishwa kando ya barabara na CPU, lile sanduku la kompyuta, kichwani, wakati wa ile vurugu ya baada ya uchaguzi, watu wa Kawangware wakipita wakininyooshea vidole. Waliocheka walikuwa na haki. Lakini si hilo linaloniuma, na lingekuwa hilo tu ningekuwa nimeshalisahau.

Nilikuwa nikiangalia saiba ya Mzee Ramadhan pale mtaani Makina, Nairobi, duka la intaneti lenye kompyuta tano kuukuu zinazotumia mfumo wa Linux, alizotuwekea fundi mmoja anayeitwa Njoro kabla hajahamia Satellite, ng'ambo ya Kawangware (alihama na godoro tu, wiki ile mambo yalipochacha). Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango na kuwaandikia barua pepe wasiojua kuchapa, ila kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua zaidi, watu wakaniita Profesa, na mimi badala ya kukana nikaitika.

Asubuhi hiyo, kwenye saa tatu, akaja Mama Achieng, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa jirani wa Kisumu Ndogo. Binti yake wa miaka saba alikuwa ameenda Eldoret kwa shangazi yake, likizo ya Krismasi, vita vikamkuta huko, na sasa alikuwa amelala siku kadhaa kwenye uwanja wa kanisa pamoja na waliofukuzwa makwao. Nikamfungulia barua pepe. Padri wa kanisa hilo ameandika kwamba saa sita kamili malori mawili yanatoka, moja la Kisumu na moja la Nairobi, shangazi haonekani, basi mama aseme mtoto apandishwe lipi. Tukapiga simu ya padri, mteja hapatikani, na kredo yangu ikaishia hapo (kadi za simu hazikuwepo madukani hata ungelia).

"Kisumu kuko nyanya yake," akasema, "lakini huko nako kunachomeka. Wacha niongee na baba yake, nakuja saa hii. Usifunge, Profesa."

Sikufunga. Nilifanya vibaya zaidi. Stima ilikuwa ikipotea na kurudi, na kila ikirudi kompyuta zinaanza na ule ukurasa wa kuuliza jina na neno la siri, wateja wanaandika majina yao ya ubatizo, halafu wananipigia kelele kwamba mashine zimewakataa. Nikajiambia, si niuondoe tu huu ukurasa, watu wapite moja kwa moja? Nilikuwa na karatasi ya Njoro yenye amri za kuzima hiki na kile, nikaizima ile huduma ya kuingilia kwenye kompyuta zote tano (kujaribu moja kwanza kungetosha, hilo nalijua leo), nikaziwasha upya kwa madaha. Mteja mmoja akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia naboresha.

Zote tano zikaja nyeusi. Hakuna picha, hakuna mshale wa panya, ni maandishi machache meupe kule juu na kistari kinapepesa kikiningoja. Nikaandika jina na neno la siri, ikanikubali, ikanipa kistari kingine. Ufundi wangu wote ulikuwa kwenye panya, na karatasi ya Njoro ilikuwa na amri za kuzima tu.

Mama Achieng akarudi anahema. "Tumeamua Nairobi. Andika haraka, aje hapa, nitamngoja mwenyewe." Akaona kioo cha kompyuta. "Na hii ni nini?"

"Dakika kidogo, mama."

Dakika kidogo ikawa nusu saa, foleni ikaanza kuniita Profesa Giza, na saiba nyingine zote za karibu zilikuwa zimefungwa. Nikaona heri nimfuate Njoro kwa miguu, na hapo akili ikanitoka kabisa: nikachomoa CPU moja nikaitia begani, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, kitu kikiharibika unakipeleka kwa fundi. Katika wiki ile maduka yalipokuwa yakivunjwa mchana kweupe!

Nilikuwa nimeingia Kawangware askari waliponisimamisha.

"Umeiba wapi hii?"

"Sijaiba, afande. Imekataa kuonyesha picha."

"Kaa chini. Weka kichwani."

Nikakaa vumbini nikitazama kivuli changu kikifupika, kikifupika, hadi kikawa chini yangu, nikajua ni saa sita na malori yanaondoka. Nilitamani kulia na nikalia. Njoro ndiye aliyeniokoa, alipita akitoka kuchota maji, akaniona, akanitetea kwa wale askari, kisha nikamweleza.

"Sasa Mutua, ulizima mlango tu, nyumba iko," akasema. "Ungeandika startx, ubonyeze enter, basi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na hii CPU ulibeba ya nini?"

Nilimwachia nikakimbia. Nilipofika Makina ilikuwa inakaribia saa nane, foleni imetawanyika, Mama Achieng peke yake ameketi mbele ya ile kompyuta niliyomsomea barua asubuhi, mikono mapajani, akiilinda asije mtu akaiharibu zaidi. Nikaandika lile neno. Picha zikaja. Kulikuwa na barua mpya ya padri: amengoja, hakupata jibu, amempandisha mtoto lori la Kisumu kwa kuwa mtoto mwenyewe alisema huko kuna nyanya yake.

Nilimsomea. Nilitaka anitukane mbele ya watu, ningepumua. Alikitazama kioo ambacho hawezi kukisoma, kisha akasema polepole, "Andika. Father, asante. Halafu umuulize kama alikuwa na sweta."

Jibu lilikuja siku ya tatu: sweta alikuwa nayo, na amefika. Lakini mama mtu hakumwona hadi mvua za masika zilipoanza, na katika miezi hiyo yote alikuja kila asubuhi na harufu yake ya omena, akichungulia mlangoni: "Profesa, kuna kitu?" Wengine wote waliniita Giza. Yeye hakuwahi, na ningependa angeniita.

Tangu hapo siwezi kuzima kitu chochote, hata taa ya choo, kabla sijauliza kwa sauti kama kuna mtu anayengoja.