Makumbusho ya Nyakim

Nyakim anauza chai kambini Kakuma, kwetu wakimbizi, na mwaka 2012 alisema uongo mmoja ambao mpaka leo unanifanya mimi, mteja wake wa kila asubuhi, nimheshimu.

Mdogo wake, Yien, alikuwa amechora sura ya marehemu mama yao kwenye kipande cha bati, akaitundika ukutani kibandani kwa dada yake. Hakuna aliyeitazama. Wateja waliitundikia kofia. Yien akaapa kuacha rangi akasukume mkokoteni sokoni, na Nyakim akaumia kuliko yeye.

Siku hiyohiyo mwalimu mmoja Mkongo alikuwa akitusimulia habari za Louvre, jumba la sanaa la Paris. Lilianza kama ngome, likawa kasri la wafalme, kisha mapinduzi yakawafungulia raia milango. Akatupa na ushauri, utadhani nauli tunayo: tufike mapema, tuvae viatu laini, Jumanne tusiende maana wanafunga. Ile picha yao ya mama anayetabasamu, alisema, iliibwa mwaka 1911, na watu wakapanga foleni kutazama ukuta mtupu.

Nyakim aliacha kukoroga sukari.

Kesho yake picha haikuwepo. Alipiga yowe la kutosha mtaa mzima, na watu wakamiminika kutazama misumari. Ambao hawajawahi kuiona ndio walioililia zaidi. Mmoja aliapa kaiona mjini Lodwar, mtaa wa Kanamkemer, imeezeka jiko la mtu. Mimi nami nikawa natoa ushauri kwa wageni: waje kabla mandazi hayajaisha, wasiguse ukuta, na chai wanunue kwanza.

Yien sasa alitembea kifua mbele. Nyakim akaona imetosha. Akaitoa picha chini ya kitanda chake, akadai ameiokota mtoni, kwenye mchanga.

Umati ukaikodolea macho.

"Hii si yenyewe," akasema Achai, muuza samaki. "Ile ilikuwa inaangalia wewe mpaka unasikia aibu. Hii macho yake imelala."

"Wametuletea bandia!" wengine wakadakia.

Nyakim akamgeukia mdogo wake. Angethibitishaje kuwa ndiyo yenyewe bila kujitaja kuwa ndiye mwizi? Yien aliinua lile bati, akakagua pua, akakagua masikio, akaguna.

"Kweli, dada. Mimi siwezi chora mama vibaya namna hii," akasema. "Nitafutie rangi. Nachora ile yangu tena."