Sahihi Moja Kabla ya Gari la Takataka

Tangu asubuhi Lai Pi-yu alikuwa ameinuka kitini mara kumi bila kazi ya kumwinua. Aliinuka akafuta meza iliyokuwa safi. Aliinuka akapanga upya makopo ya unga wa nafaka yaliyojaa sebuleni, mpaka mlango wa choo ukawa haufunguki wote. Akakaa, akaitazama simu, akainuka tena. Mumewe, Jung-kun, aliyestaafu udereva wa basi na sasa kazi yake ikawa gazeti na chai, alimfuata kwa macho juu ya miwani.

"Mama, kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa, nani atanitafutia mtu?"

"Mtu mwenyewe akikuona hivyo atakimbia."

Mtu huyo mmoja ndiye aliyemnyima Pi-yu raha. Kampuni aliyojiunga nayo miaka miwili nyuma, inayouza unga wa nafaka, siki ya matunda na viraka vya kubandika nyayoni, ilikuwa imempandisha ngazi na kumvisha beji ya kijani mbele ya ukumbi mzima. Beji hiyo ilikuwa na masharti: kila miezi mitatu aingize watu watatu wapya. Alikuwa na wawili, na zilibaki siku mbili. Akimkosa wa tatu, beji inavuliwa, na wale sita aliowaingiza kwa jasho lake wanahamishiwa kwa mwanamke wa mji wa Tainan ambaye hata hawamjui. Sahihi moja tu ndiyo iliyokuwa imesimama kati yake na aibu hiyo.

Wapo waliomcheka kwa kukitolea roho kipande cha bati. Lakini Pi-yu alifanya kazi ya kushona soksi kiwandani miaka ishirini na tano, na kwa miaka yote hiyo msimamizi alimwita kwa namba iliyoandikwa kwenye aproni yake. Siku ile ukumbini jina lake lilitajwa lote kwenye kipaza sauti, watu mia tatu wakapiga makofi, naye akalia mpaka wanja ukamtiririka. Hakutaka kurudi kuwa namba. Ndivyo alivyojisikia, na hakumficha mtu.

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Tseng, aliyemwingiza yeye. Katika kampuni ile kila aliye juu yako ni mwalimu, hata kama mwaka juzi alikuwa akiuza bima.

"Dada Yu, orodha yako ya majina mia umeimaliza?"

"Nimeimaliza, Mwalimu."

"Haiishi hiyo. Kila anayesimama hatua tatu kutoka kwako ni mteja. Leo umesimama na nani?"

"Na mume wangu."

"Huyo keshasaini. Toka nje."

Pa kutokea palikuwa mahali pamoja tu. Mtaani kwao, mjini Chiayi, takataka haziachwi barabarani. Gari linakuja likipiga wimbo wake wa kinanda, nawe unatoka na mfuko mkono mmoja na ndoo ya makombo ya kulishia nguruwe mkono wa pili. Katika Kichochoro cha Tisa lilifika saa kumi na moja na dakika kumi, na majirani walizoea kutoka mapema wakasimama wakipiga soga. Pi-yu alikuwa amegundua kituo hicho kama mtu aliyegundua kisima. Mtu mwenye mikono miwili iliyojaa hawezi kukuponyoka, wala hawezi kusema ana haraka, maana gari bado halijaja. Kwa hiyo alimbana mmoja baada ya mwingine. Alianza na swali lilelile kila siku, "Dada, tumbo lako likoje siku hizi?", na likijibiwa vyovyote, jawabu lake lilikuwa siki ya matunda.

Ila wiki ya tatu sasa kituo kilikuwa kimepooza. Mwanzoni alidhani wamesafiri. Kisha akadhani ni mafua. Kutokuwepo kwa Chiu Su-chin hakukumshangaza. Su-chin wa nyumba ya pili alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na alimwambia mwenyewe kwamba hatatoka nje kwa miezi miwili. Hao wawili walikuwa marafiki wa miaka ishirini na minane. Pi-yu alipojifungua, Su-chin ndiye aliyempikia kuku wa mafuta ya ufuta mwezi mzima, na Pi-yu ndiye aliyewapeleka shule watoto wa Su-chin, mama yao alipokuwa zamu ya asubuhi. Su-chin alipolazwa kwa ajili ya goti, Pi-yu alimpelekea kopo la unga, siyo supu, na chini ya kopo aliweka fomu. Su-chin alisema atafikiria. Pi-yu akamuuliza tena mara sita, kwa upole, kama alivyofundishwa.

Siku hiyo alitoka dakika ishirini kabla, fomu mbili na kalamu mkobani. Kituoni alimkuta Wati peke yake, yule dada wa Kiindonesia anayemtunza mzee Fang, amekishika kiti cha magurudumu na mzee wake amesinzia ndani yake. Wati alikwisha kununua viraka vya nyayo mara mbili kwa kushindwa kusema hapana.

"Wati, watu wameenda wapi?"

Wati aliyatazama magurudumu. "Sijui, Mama Yu."

"Wameugua wote?"

"Hawajaugua." Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. "Wanatupa kule, nyuma ya hekalu."

"Kule gari si linachelewa?"

"Linachelewa. Wanasema afadhali kuchelewa."

Alipoona uso wa Pi-yu, akaanza kumpangusa mzee mdomo uliokuwa mkavu.

Pi-yu hakungoja gari. Alikata kichochoro, akavuka barabara ya wauza mapera, mfuko ukimgonga pajani. Nisimsingizie: kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa uchungu. Alichowaza ni kwamba watu wote wale sasa wako mahali pamoja, na siku zimebaki mbili. Uchungu ulikuja alipokata kona.

Walikuwa tisa. Hung, muuza tofu ya kukaanga, alikuwa amesimama katikati, kiuno amekibinua, mfuko wa takataka ameubana kwapani kama mkoba wa bibi.

"Dada," alisema kwa sauti nyembamba, "tumbo lako likoje siku hizi?"

Wenzake walikuwa hoi kwa kicheko. Mmoja alikuwa akijifuta machozi, na huyo alikuwa Su-chin. Alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo ya chuma, ndoo ya makombo iko miguuni pake. Yeye ndiye aliyemwona Pi-yu kwanza. Kicheko kikakatika, na Hung akaushusha mfuko taratibu.

Pi-yu hakumtazama Hung. "Su-chin. Si ulisema goti haliruhusu kutoka?"

"Haliruhusu."

"Na huku umefikaje?"

"Polepole. Natoka nyumbani saa kumi na nusu."

Wengine waliangalia mwisho wa barabara kuona kama gari linakuja. Su-chin akahamisha uzito kwenye mguu mzima, akanyoosha mkono.

"A-Yu, lete hiyo karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ile unayotembea nayo. Nitasaini. Ila uniache nitupe takataka zangu mlangoni kwangu. Mpaka huku siwezi tena."

Aliyasema bila hasira. Hasira Pi-yu angeijibu. Mwalimu Tseng alikuwa amewafundisha majibu ya hapana za aina kumi na moja, na Pi-yu aliyajua yote kwa moyo, lakini hakufundishwa la kujibu ndiyo ya namna hii. Wakati akiwaza hayo mkono wake ulikuwa umeshaingia mkobani, na karatasi imeshatoka. Aliona aibu kwa wepesi wa mkono ule, na bado hakuurudisha.

Su-chin aliiweka fomu juu ya ukuta mfupi wa hekalu. "Sina miwani. Nisomee, unionyeshe pa kusaini."

Pi-yu akasoma. Alisoma jina, akaliandika mwenyewe. Alifika kwenye anwani, akaiandika bila kuuliza. Kisha akampa Su-chin kalamu, akashuka kwenye mstari wa chini, juu ya pengo la sahihi.

"Mimi niliyetajwa hapo juu," alisoma, "najiunga kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu..."

Akaurudia mstari kwa macho. Kinanda cha gari kilianza kusikika mbali, na watu wakaanza kuokota mifuko yao.

"Endelea, gari hilo linakuja," alisema Su-chin, kalamu mkononi.

Pi-yu aliichukua ile kalamu vidoleni mwa mwenzake. Akaikunja karatasi mara nne.

"Mtu hasaini asichokiona."

"Si umenisomea?"

"Sijamaliza."

Gari likafika. Watu walirusha mifuko wakatawanyika haraka, bila soga. Pi-yu alirusha wake na wa Su-chin, akaimwaga ndoo ya makombo kwenye pipa la nyuma, akairudisha. Alijua kuwa beji imekwenda.

"Waambie wenzako warudi kutupa kule kwetu," alisema. "Mimi ndiye nitakayekuja huku."

Akangoja. Miaka ishirini na minane alikuwa akimjua Su-chin, na alijua mwenzake husema nini katika hali kama hiyo: acha upuuzi wako, twende zetu. Alilingoja kwa moyo wote.

Su-chin alichukua ndoo, akaishika vizuri mpini.

"Ukija huku," alisema, "toka nyumbani saa kumi na moja na robo. Ukitoka mapema utasimama bure."