Fundi wa Cherehani na Sala ya Kusimama

Fundi wetu wa cherehani hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale huzungusha mashine kwa mkono, kwa kuwa miguu yake haina nguvu tena. Kila akikata uzi humwambia Mungu, "Asante, Baba," hata mshono ukiwa umepinda na lazima aufumue. Akienda Mbarara kununua vitambaa, huifunga miguu yake kwenye pikipiki kwa kitenge, na dereva haondoki kabla fundi mwenyewe hajalijaribu fundo.

Jumapili moja pasta alimwonea huruma. Sala ya shukrani kwetu huombwa kwa kusimama na hutaja neema moja moja, hadi mvua, lakini siku hiyo alituambia tukae wote. Tukakaa, tukitazama chini. Fundi akasema kwa Kiswahili cha kwao, kwa ile sauti yake nzito, "Pasta, usibakalishe batu sababu ya miye. Basimame. Miye nitasimama na hii mikono Mungu alinibakishia." Akakandamiza benchi kwa viganja, akajiinua, nasi tukasimama. Pasta alipoona mikono ile inatetemeka, aliiharakisha sala, akasema Amina. Tukakaa. Fundi alikuwa bado juu, jasho likimtiririka.

"Pasta, bado," akasema. "Haujashukuru juu ya mvua."