Shemeji Ajifunza Kuhutubia

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile walifanya kazi wanawake kumi na wawili na mwanamume mmoja. Kwa kuwa mke wa mwanamume huyo alikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili, wengine wote walimwita Shemeji. Hata meneja alimwita Shemeji, ingawa hakuwa na undugu naye wala hakutaka kuwa nao. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani, kupokea mashuka machafu kutoka wodini, kuyahesabu na kuandika daftarini. Kwa miaka kumi na saba kazi hiyo ilimdai maneno mawili tu, "lete" na "bado", na hata hayo aliyatoa kwa shingo upande.

Hakuna aliyemlaumu kwa ukimya wake. Mle ndani kelele za mashine zilitosha, na wanawake kumi na wawili hawakuwa na upungufu wa maneno. Angeweza kufika siku ya kustaafu akiwa hajawahi kumaliza sentensi mbele ya watu watatu, kama si rola.

Rola ni mashine ya kupiga pasi mashuka. Ina mapipa mawili ya chuma yenye moto yanayozunguka yamebanana. Unaingiza shuka lililokunjamana upande huu, linatoka limenyooka upande wa pili. Mbele ya mapipa kuna chuma chembamba kinachoitwa kinga. Mkono ukikigusa, mashine inasimama yenyewe, au niseme ilikuwa inasimama, maana kinga ilivunjika ikafungwa kwa kamba ya gunia la sabuni, na kamba haina habari na mkono wa mtu. Asubuhi moja rola ilivuta shuka pamoja na mkono wa Shangazi, mwanamke mkubwa kuliko wote mle ndani. Alipotolewa, vidole viwili vilikuwa vimeiva. Bahati yake hospitali ilikuwa ghorofa ya juu tu. Alipandishwa, vikakatwa, akateremshwa. Meneja aliandika kwenye ripoti kwamba mtumishi alikuwa mzembe, kisha akaagiza kamba iongezwe.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusimama mbele ya rola. Wakakubaliana kupeana zamu, mwezi mmoja kila mtu, na ratiba ikabandikwa mlangoni. Zamu ya mke wa Shemeji iliangukia mwezi wa nne, na ungeanza siku ileile ya kikao cha wafanyakazi na uongozi, ambamo kila idara hupewa dakika kumi za kueleza shida zake.

"Shemeji atatusemea," alisema Shangazi, mkono ukiwa bado umefungwa bandeji. "Zamu ya mkeo inaanza siku hiyohiyo. Na wewe ndiye unayekaa kwenye kiti."

Shemeji alisimama ili akatae. Lakini kukataa nako kunataka kuongea, na macho kumi na mawili ya upande mmoja na kumi na mawili ya upande mwingine yalimtazama mpaka ulimi ukamganda. Akakaa. Wakapiga makofi, wakahesabu amekubali.

Ndipo akajiandikisha kwa Mwalimu. Huyu alikuwa mshereheshaji wa harusi aliyeiacha kazi hiyo kwa sababu ya koo, kwa maelezo yake, au kwa sababu wenye harusi walimchoka, kwa maelezo ya wenye harusi. Sasa alifundisha watu kuhutubia, kila Jumamosi alasiri, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa. Kilikuwa na viti vya plastiki, kioo kirefu, na kipaza sauti ambacho waya wake haukuchomekwa popote. Wanafunzi walikuwa sita. Siku ya kwanza kila mmoja alitakiwa asimame, ashike kipaza sauti, ataje kazi yake. Shemeji alisimama. Jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi. Akasema "Lete," akakaa.

"Ni mwanzo," alisema Mwalimu, ambaye alikuwa ameshapokea ada.

Wiki ya pili alitaja kazi yake. Wiki ya tatu aliongea sentensi nzima kuhusu mashuka, akiutazama ukuta. Alifundishwa asitazame watu machoni ikiwa wanamtisha, awatazame kwenye paji la uso. Atoe sauti tumboni, si puani. Na asikimbilie mwisho wa sentensi kana kwamba kuna mbwa nyuma yake. Nyumbani alifanya mazoezi mbele ya kabati la vyombo. Mkewe alikuwa akiosha sufuria, akimsikiliza kwa sikio moja.

"Mbona unazunguka, baba watoto?" alimwambia siku moja. "Sema mashine imekata watu vidole, itengenezwe. Ukishasema, kaa chini."

Wiki ya tano alisema hivyohivyo. Alisimama mbele ya wenzake watano, akayatazama mapaji yao, akasema: "Mashine yetu ya pasi ni mbovu. Imemwivisha mwenzetu vidole viwili. Zamu ya mke wangu inakuja. Tunaomba itengenezwe." Mama mmoja aliyekuja kujifunza kuongoza vikao vya kanisa alifunika mdomo kwa kiganja. Shemeji mwenyewe alishangaa kuona soksi zake ni kavu.

Ile ndiyo hotuba bora aliyowahi kutoa maishani mwake, na iliishia pale juu ya duka la dawa, mbele ya kipaza sauti kisicho na umeme. Mwalimu aliisikiliza kama mtu aliyeona mgeni anaingia sebuleni na viatu vyenye tope.

"Umewavua nguo wakubwa," alisema. "Itifaki iko wapi? Na hilo neno 'mbovu' umelitoa wapi? Mbele ya wakubwa hakuna ubovu. Kuna changamoto."

"Na vidole?" aliuliza Shemeji.

"Changamoto."

"Na ile kamba?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Hiyo tunaita jitihada."

Shemeji aliandika yote mawili kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri.

Kuanzia hapo alienda kwa kasi iliyowatisha waliomfahamu. Alijifunza kutambua waheshimiwa kwa mpangilio wa vyeo, asije akamtaja naibu kabla ya mkuu wake. Alijifunza kufungua mikono alipotaja umoja na kuikunja alipotaja mshikamano. Alijifunza kichekesho kimoja, cha mtu aliyemsalimia picha yake kwenye kioo, na akakisimulia nyumbani mara tisa. Dirishani mambo yaliharibika. Nesi aliyeleta mashuka ya wodi ya wazazi alipokelewa kwa heshima na taadhima, akashukuriwa kwa kutenga muda wake adhimu, na alipoondoka foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Mezani kwake napo hakukuwa na nafuu.

"Mama watoto, awali ya yote..."

"Kama unataka chumvi, sema unataka chumvi."

Watu walicheka, lakini pia walianza kumsifu, na sifa hizo zilimpanda kichwani. Mtu aliyekaa miaka kumi na saba bila kusikilizwa, akisikilizwa kwa dakika mbili, anaweza kusahau alikuwa anataka kusema nini. Mimi simwonei huruma sana. Ratiba ilikuwa mlangoni, aliipita kila asubuhi, na jina la mkewe lilipanda mstari mmoja kila mwezi ulipokwisha.

Siku ya kikao alivaa koti la harusi yake. Wanawake walimsindikiza mpaka kwenye mlango wa ukumbi, mkewe akamtoa uzi begani, Shangazi akamwambia, "Sema kama ulivyoona." Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, chupa za maji, na kipaza sauti ambacho safari hii kilikuwa na umeme. Sauti yake iliporudi kutoka kwenye kuta za ukumbi, nene, ya tumboni, yenyewe hasa, Shemeji alijisikia raha ambayo hakuijua kabla. Hakutaka iishe.

Akamtambua mwenyekiti. Akamtambua meneja, naibu wa meneja, wakuu wa idara kila mmoja kwa idara yake, kamati ya maandalizi, na dereva aliyewaleta wageni. Akamshukuru Mungu kwa uhai na uongozi kwa mazingira rafiki ya kazi. Akasimulia cha kioo. Wakacheka mpaka naibu akapaliwa na maji. Dakika saba zilikuwa zimekwenda. Ndipo akafungua mikono, akasema kwamba idara ya ufuaji, pamoja na mafanikio yake makubwa, inakabiliwa na changamoto ndogondogo, ikiwemo changamoto ya kinga, ambayo uongozi umekwisha kuifanyia jitihada. Akakunja mikono kwa ajili ya mshikamano. Akashukuru tena.

Makofi yalivuma. Mwenyekiti aliyepiga kwa nguvu kuliko wote hakuwahi kuiona rola. Kwa alivyosikia yeye, kinga ni mambo ya chanjo.

"Nimesikiliza hotuba nyingi humu," alisema meneja, ambaye alijua vizuri kinga ni nini. "Hii imenigusa. Changamoto ni sehemu ya kazi, hata sisi ofisini tunazo. Ya kwenu tumeipokea, na iko kwenye mchakato."

Kikao kilipokwisha meneja alimshika Shemeji bega, akampeleka pembeni. "Kipaji hiki ulikificha wapi? Wale kina mama nikiwaambia mimi wananuna. Wewe wanakuelewa. Nenda kawaambie, kwa ile lugha yako nzuri, kwamba kazi inaendelea kama kawaida."

Shemeji hakuuliza mchakato unachukua muda gani. Alichouliza ni kama atapewa kipaza sauti.

Alipewa kile kidogo cha kushika mkononi. Saa nane mchana alisimama kwenye uwanja wa kuanikia, katikati ya kamba za nguo, na wanawake wakatoka wakijifuta mikono. Aliwatambua wote. Aliwaeleza jinsi alivyopokelewa, jinsi ukumbi ulivyotulia, jinsi naibu alivyopaliwa. Akasema changamoto yao imepokelewa kwa mikono miwili na sasa iko kwenye mchakato. Baadhi yao walipiga makofi, kwa sababu aliongea vizuri kweli, na kwa sababu ni vigumu kutopiga makofi mtu anaponyamaza namna ile akisubiri. Shangazi hakupiga. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, anapouweka siku hizi.

"Mchakato ni fundi?" aliuliza mkewe.

"Mchakato ni hatua," alisema Shemeji kwenye kipaza sauti.

"Fundi anakuja lini?"

"Kuhusu suala la lini, uongozi..."

"Uliwaambia kwamba Shangazi amekatwa vidole?"

Shemeji alikishusha kipaza sauti. "Niliwaambia kwa lugha ya staha."

"Kwa hiyo rola inawashwa leo."

"Inawashwa," alisema, kwa sauti yake ya zamani ya dirishani.

Mkewe alilowesha kidole kwa mate, akaizungusha pete ya ndoa taratibu, maana haikuwa imevuliwa tangu siku ilipovishwa na kidole kilikuwa kimenenepa. Ilipotoka akamwekea kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja juu yake.

"Nishikie, baba watoto. Rola ikinasa pete, haiachii mkono."

Akakaza kitambaa chake kichwani, akaingia ndani kuanza zamu.