Wakaguzi Waliokula Mbegu

Mimi ni mkalimani. Nalipwa kusema maneno ya wengine na kuyameza ya kwangu, na kwa miaka mingi hapa Brussels nimeyameza bila taabu. Yaliyonikwama kooni ni ya kamati moja ya serikali ya hapa, ile iliyosimamia fedha za chakula za Watwa, watu wa msituni, kaskazini mwa Kalemie, kule Kongo. Niliidharau kamati ile tangu kikao cha kwanza, na mpaka leo sijaona sababu ya kuionea huruma.

Fedha zenyewe zilikuwa za mbegu za maharagwe na mahindi, pamoja na jiko la shule ili watoto wapate mlo wa mchana. Kazi ya kamati ilikuwa kuhakikisha hazipotei njiani. Jambo jema, sikatai. Fedha za wenye njaa zina wachumba wengi, huko na huku. Lakini watu wale hawakuisimamia njaa. Walisimamia makaratasi yake. Niliwahi kuwatafsiria asubuhi nzima wakibishana kama mtoto aliyekula kiazi cha porini ahesabiwe kuwa amekula au hajala, na katikati ya ubishi wakasimama kwenda kunywa kahawa.

Mwaka uliotangulia kikao ninachokisimulia walikuwa wamekwenda kujionea wenyewe. Walifika asubuhi katika kijiji kimoja cha Watwa hao, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamerudi hotelini mjini. Picha walizopiga ndizo zilizoonyeshwa ukutani siku ninayoikumbuka: kuku kwenye mchuzi, sinia la bukari, yaani ugali wa kwetu, bakuli kubwa la maharagwe, asali ya msituni juu ya jani. Mwenyekiti, bwana mrefu mwenye skafu ya hariri ambaye hakumaliza sentensi bila kutukumbusha kuwa yeye alifika, alizielezea moja moja kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake. Akahitimisha kwamba chakula sasa kipo cha kutosha, na kwamba msaada unaweza kusitishwa.

Nilizaliwa Lubumbashi, Kongo hiyo hiyo. Kwetu hata mtoto anayeanza shule anajua kwamba chakula cha mgeni hakikuambii kitu kuhusu chungu cha mwenyeji. Nyumba isiyo na kitu ndiyo inayojikakamua zaidi, kwa sababu ndiyo yenye kuogopa aibu zaidi. Mama yangu alikuwa akiazima kuku kwa jirani wageni wa kanisa wakija, na sisi watoto tulikaa nje tukitabasamu kama tulivyoagizwa, tukisubiri wabakize mifupa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, mwenyeji akalala njaa, wao wakaandika kwamba amepona.

Siku ile kamati ilikuwa imemleta shahidi. Alikuwa mama mmoja wa Kitwa, kiongozi wa wanawake wa vijiji vile, mfupi, mwenye kitambaa kipya kichwani na koti la kuazima lililomfika magotini. Alijua alichokuja kufanya: kamati ikikata msaada, jiko la shule linafungwa na msimu wa kupanda unapita bila mbegu. Alinieleza hayo kwenye korido, ambako nilitumwa baada ya picha ili nisubiri naye. Tulisubiri mpaka kigari cha chakula kikapita mbele yetu kuingia ukumbini, kimejaa mikate yenye jibini na samaki. Nilimwomba katibu sahani moja kwa ajili ya mama. Akanijibu kwa upole mwingi kwamba mashahidi hawakuwekwa kwenye oda. Kamati ya chakula, jamani. Baadaye kigari kikatoka, na yaliyobaki yakamwagwa kwenye mfuko mweusi mbele ya macho yetu.

Mama aliutazama ule mfuko, kisha akanigeukia.

"Donc hapa kwenu njaa iko mingi kupita kwetu," akasema.

Nilicheka mpaka katibu akachungulia. Mama hakucheka, ila macho yalimcheza. Nilikuwa na mikate ya kukaanga kwenye mkoba, niliyoinunua asubuhi mtaani kwetu Schaerbeek kabla ya kupanda tramu, tukaila pale pale tumesimama.

Alipoitwa ndani, mwenyekiti alimpokea kwa furaha ya kweli. Alimkumbuka. Alisema utamu wa kuku yule bado uko mdomoni mwake. Kisha akamuuliza kwa adabu: kama njaa bado ipo, mbona yeye mwenyewe aliona chakula kingi namna ile? Nikatafsiri. Mama akawa analikunja na kulikunjua pindo la koti, na wale mabwana wakaanza kutazamana kwa ushindi, wakidhani amebanwa. Hawakujua kinachomfunga mdomo. Kwetu mgeni haambiwi alikula nini. Ukimwambia umemtukana, na umejivua nguo mwenyewe. Aliinama akaniuliza kama hakuna namna nyingine. Nilimwambia sioni, maman.

Akaongea akiitazama meza, si wao.

"Ile kuku ilikuwa moja tu, ya village muzima. Na ile maharagi ilikuwa mbegu, ile yenye mulituletea. Tulipika mbegu juu mulikuwa bageni."

Nilitafsiri neno kwa neno, na sauti yangu sikuipaka asali. Nikafikiri, haya, leo hata jiwe litaona haya. Basi mwanasheria wao, mwanamke kijana mwenye kalamu nzuri, akainua mkono. Alitaka ieleweke kwamba mbegu zilitolewa kwa ajili ya kupandwa, na kama ziliingia chunguni basi zilitumika kinyume cha makubaliano. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza nani alizila. Walaji walikuwa wameizunguka meza ile ile, wamefunga vifungo vya makoti yao, wakijadili kosa la mpishi.

Hatimaye waliamua wasiamue. Watatuma ujumbe mwingine, kabla ya msimu wa kupanda, ukathibitishe kama njaa ipo. Mwenyekiti alimshika mama mikono yote miwili akamwambia wataonana tena kijijini. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Huyu hakumjua hata baada ya kutambulishwa.

Nilimchukua mama mpaka mtaa wa Ixelles, kwenye mkahawa wa Wakongo, nikamwagizia bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Alinawa, akamega tonge, akalishikilia bila kulipeleka mdomoni. Nilimuuliza wale watu wakija atawapikia nini. Kwa jinsi nilivyokuwa na hasira, nilikuwa tayari kumfundisha mwenyewe: asiwape kitu, wakae na tumbo tupu siku nzima, waone. Hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa amekwisha kuelewa kuliko mimi, na kuelewa kule ndiko kulikomuumiza.

"Bakikuta chakula, batatukatia musaada," akasema. "Bon. Tutabapa mayi. Mayi tu."

Maji matupu kwa mgeni. Ndipo akalia. Ukumbini hakutoa chozi, wala kwenye korido. Alilia pale, mbele ya samaki, machozi yakimdondokea kwenye koti la watu, na mama mwenye mkahawa akaja kutuuliza nani amefariki. Nilimwambia ni uchovu wa safari.

Ujumbe ulikwenda, ukarudi. Ripoti yake nilipewa mimi niitafsiri kwa Kiswahili ili isomwe kijijini. Ilisema safari hii hakukuonekana chakula chochote, kwamba njaa imethibitishwa, na msaada uendelee. Mwishoni mwenyekiti aliongeza aya ya kuwapongeza wanakijiji kwa uwazi wao. Uwazi. Nililitafsiri neno hilo nikiwa nimesimama jikoni kwangu, maana kitini nilishindwa kukaa.

Wiki chache baadaye niliingia kwenye tramu nikakuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama alikuwa ameazima simu ya mwalimu na kupanda nayo kilimani kutafuta mtandao, upepo ulisikika. Alinisalimia, akawaulizia watoto wangu, akasema mbegu zimefika na wamepanda.

"Batoto banakula ku masomo, mutoto yangu. Merci mingi. Lakini ile siku, ule mukubwa wao alishika kopo ya mayi, akaangalia ku jiko, akangoja. Mimi nikaangalia chini. Mama yangu alikufa mu njaa ya vita, na hakuangalia chini mbele ya mugeni hata siku moja."